Nimeletewa vitambaa vya viraka, nataka kumshonea mama begi la safari. Nisaidieni kabla sijatia mkasi

BintiMakorora

Assalaam aleykum wadau wa ushonaji, na wengine wote hamjambo.

Mi niko Tanga, nashona nyumbani Makorora kwa cherehani ya miguu aliyoniachia bibi yangu. Sina duka ila magauni ya watoto, mashuka, foronya na mapazia nashona na watu wanalipa. Sasa dadangu anayekaa Uingereza kaja likizo kaniletea furushi la vitambaa ambavyo sijawahi kuvishika maishani. Viko vipande 12, kila kimoja kimekunjwa kidogo kama leso ya mkononi, nimepima nikakuta inchi 18 kwa 22. Anasema kule wanaoshona viraka ndo wanavyouziwa, yadi moja inakatwa katikati kwa urefu na katikati kwa upana, unapata mapande manne, mtu ananunua pande moja moja la rangi anayotaka bila kubeba yadi nzima. Tisa ni pamba ya kawaida imekazwa vizuri, vitatu ni vyembamba sana na laini mpaka vinateleza mkononi kama hariri lakini dada kaapa ni pamba tupu, vina maua madogo madogo, ua moja halifiki ukucha wa mtoto, na pembeni imeandikwa Tana Lawn. Halafu kwenye ukingo kuna vidoto vya rangi vimepangwa mstari, kimoja nimehesabu vidoto 9. Hivyo vidoto ni vya nini?

Nimekaa navyo wiki nzima, navikunjua navikunja, naogopa kukata.

Ninachotaka ni begi la safari la mama. Mama kila mwaka anavuka kwenda Pemba kwa mdogo wake, miaka yote alikuwa anabeba shangazi kaja, mwaka jana nikamnunulia begi la dukani nikijua nimemfurahisha. Safari ya pili tu zipu ikafumuka pale gatini watu wamejaa, nguo zake zote nje, kanga, sidiria, dawa, kila kitu. Mama mtu wa haya sana. Alikusanya vitu vyake kajifunika ushungi usoni na mpaka leo hajalisema lile jambo, mi nimeambiwa na jirani waliyesafiri naye. Hilo limeniuma kuliko hela ya begi.

Kwa hiyo nataka begi ambalo halitamwaibisha. Naomba kujua, hivi vitambaa vyembamba vitabeba mzigo? Katikati niweke nini ili litune, maana dada anasema kule wanauza pamba maalum ya tabaka lakini mi hapa sijaiona. Na bitana niweke nini? Nilinunua mita mbili za kitambaa cheusi kwa ajili ya bitana, muuzaji kanambia pamba asilimia mia, nimeweka pasi ya moto kidogo kimejikunja na kung'ang'ania kwenye pasi, mpaka sasa pasi ina doa.

Na vipimo jamani, mi mabegi sijui kabisa.

FundiNgamiani

Waalaykum salaam dada. Kwanza hicho cheusi si pamba, ulidanganywa. Siku nyingine usinunue kitambaa kwa mdomo wa muuzaji, omba uzi mbili tatu za pembeni uziwashe kiberiti. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi na jivu lake ukiliminya linasagika kuwa vumbi. Hivi vya tetroni, yani poliesta, vinasinyaa kukimbia moto, vinayeyuka, na vikipoa vinaacha kitu kama ushanga mweusi mgumu, ukiuminya hauvunjiki. Vikichanganywa pamba na tetroni unapata vyote viwili, jivu lenye punje ngumu ndani. Mi natembea na kiberiti nikienda kununua na wenye maduka wananijua hawakasiriki.

Vile vidoto ni rangi zilizotumika kuchapa kitambaa, kila rangi doto lake. Vidoto 9 maana yake ua lako limepita kwenye rangi 9. Faida yake kwako ni hii, usitupe ule ukingo, ukate kaukanda uende nao dukani kununua uzi, unaweka kibobini juu ya doto unaona rangi inakubali au inakataa, huna haja ya kubeba kitambaa kizima.

Sasa vipimo. Mi mabegi nashona mwaka wa 14 huu, nakupa la urefu inchi 20, kimo 12, upana wa kitako 10, ni begi la mtu mzima wa wiki mbili na haliumizi mgongo. Unahitaji pande mbili, kila moja ikishakamilika iwe 32 kwa 24. Kila kona ya kila pande unakata mraba wa inchi 5 na nusu, kona nne zote, na bitana nayo hivyohivyo. Ule upande mrefu wa juu utabaki na inchi 21, pale ndo inakaa zipu. Halafu unaunga kitako, unaunga mbavu, mwisho zile kona ulizokata unazikunjua unazikutanisha mshono kwa mshono unashona moja kwa moja, ndo begi linasimama lenyewe kama sanduku. Mshono wote wa kuunga begi acha nusu inchi, usijipunje.

Lakini usikate 32 kwa 24 mwanzoni! Kitambaa cha tabaka tatu, yani viraka, cha katikati na cha nyuma, ukikipitisha mistari ya cherehani kinajikusanya, kinapungua, kwa hiyo anza na kikubwa halafu ukimaliza mistari ndo unapima unakata. Viraka vyako kata mraba wa inchi 5. Pande lako la 18 kwa 22 linatoa miraba 12, mapande 12 yanakupa 144. Ukiunga viraka kwa viraka acha robo inchi kila mshono, mraba unabaki inchi 4 na nusu. Kila pande la begi panga 8 kwa upana na 6 kwa kimo, unapata 36 kwa 27, ukishapiga mistari unakata kuwa 32 kwa 24.

Ila kitako usiweke maua. Kitako kinaburutwa, kinawekwa kwenye sakafu ya boti yenye mafuta na maji ya samaki. Zile safu mbili za chini zitoe, weka ukanda wa jinzi upana inchi 9 na nusu, jinzi kuukuu ya kiume mguu mmoja unatosha upande mmoja, ukipungua unga katikati haionekani. Hapo miraba ya maua unatumia 64 tu, inabaki 80, utamshonea na foronya.

Sindano weka namba 16, ukifika kwenye jinzi na mkanda weka 18. Uzi usitumie wa pamba, uzi wa tetroni ndo unashika begi. Kitambaa kiwe pamba, uzi uwe tetroni.

MamaSwabra_Bagamoyo

Dada Binti pole sana kwa lile la gatini, nimelisoma nikamkumbuka mama yangu.

Mi niko Bagamoyo nashona mifuko na mikoba ya wageni wanaokuja kutembea Mji Mkongwe na Kaole, hiyo Tana Lawn naijua, mteja mmoja aliniletea nimshonee mkoba. Ni kitambaa cha duka la Liberty la London na hilo jina ni la Ziwa Tana la Ethiopia, pamba yake ya mwanzo ndo ilitoka huko. Yaani ni pamba ya kwetu Afrika imezunguka dunia imerudi kwako Makorora. Wembamba wake usikutishe, kimefumwa kwa nyuzi nyembamba lakini nyingi zimebanana, ndo maana ua dogo namna ile linatoka safi bila kuchafuka kingo. Peke yake hakiwezi begi, ila kikishakaa juu ya tabaka na kupigwa mistari mzigo haubebwi nacho, unabebwa na mkanda. Ukikichanganya na vile vizito usikiweke pembeni kwenye mbavu ambako begi linasuguliwa, kiweke katikati pale jicho linapotua.

Kuhusu cha kuweka katikati nakwambia niliyoyapitia mwenyewe maana nilijaribu vitu vitatu. Nilianza na usufi, kuna msufi nyuma ya nyumba yetu na mito yote tunajaza usufi. Usiweke usufi! Ni mwepesi na maji unayakataa lakini haukai tabaka, unatembea, nilipiga mistari karibu karibu na bado baada ya wiki ulikuwa umelundikana kona moja kama uji ulioganda na begi lenyewe limelegea kama tumbo la mwenye njaa. Nikaja kwenye sponji ya nusu inchi. Inasimamisha begi vizuri, lakini mguu wa cherehani unaganda juu yake, na ikinywa maji haikauki, mteja akalirudisha linanuka ukungu. Begi la boti usiweke sponji.

Cha tatu ndo ninachotumia mpaka leo, blanketi jepesi la mitumba, lile lililofuliwa mpaka limelegea na limeacha kutoa vinyweleo. Blanketi moja la kitanda linatoa mabegi mawili hadi matatu. Lifue kwanza kwa maji ya moto ukiwa nalo nyumbani, kama ni sufu ya kondoo litarudi nyuma, sasa bora lirudi kwenye beseni kuliko ndani ya begi. Ukiona blanketi zito unashindwa kulikunja mara nne mkononi liache, cherehani ya miguu haitalipita kwenye zile kona.

Halafu tabaka zako, kitambaa chepesi cha nyuma chini, blanketi katikati, viraka juu, usizipeleke kwenye cherehani kwa pini peke yake. Piga bandi kwa mkono. Uzi mweupe, mishono mirefu ya vidole viwili, anza katikati nenda nje, kama miale ya jua. Ni kazi ya saa zima na vidole vitauma, vaa subana, lakini usipopiga bandi kile kitambaa cha juu kinasukumwa mbele na mguu na cha chini kinavutwa nyuma na meno ya cherehani, unafika mwisho unakuta mikunjo. Hata mistari ya cherehani anza ule wa katikati kabisa ndo uende pembeni, usianze ukingoni ukavuka.

TangaRaha_Kijana

Mimi si fundi ila dada usisahau kuloweka kwenye chumvi na siki kabla hujakata, vitambaa vya nje vinachuja rangi, mama mdogo wangu aliharibu shuka jeupe lote. Na mkanda wa begi tumia kamba ya mkonge bwana, sisi ndo wenye mkonge! Ulifika Tanga mwaka 1893, yule Mjerumani Hindorf aliagiza miche 1000 na ikapona 62 tu, kutoka hiyo 62 ndo yakazaliwa mashamba yote unayoyaona kuanzia Muheza mpaka Korogwe. Babu yangu alikata mkonge Ngomeni miaka mingi, kamba yake haikatiki.

FundiNgamiani

Kijana mapenzi yako kwa mkonge nayaunga mkono, na kamba kweli haikatiki, tatizo inakata mkono. Mama wa watu ashike begi la kilo 15 kutoka kwenye boti hadi kituo cha daladala na kamba ya mkonge, viganja vitamwiva. Inaweza kutumika kama moyo wa mshiko, yani unaivika bomba la jinzi inakuwa nono na mkono unapata pa kushika, hilo nimefanya na limekubali. Mkanda wenyewe uwe ule wa nailoni wa mabegi ya shule, upana inchi moja na nusu, yadi 3 na robo. Na siri ya mkanda ni hii, usiushone kwenye mdomo wa begi. Uzungushe. Uanze chini ya kitako, upande mbele, ufanye mshiko, ushuke, upite chini ya kitako tena, upande nyuma, ufanye mshiko wa pili, ushuke ukutane na mwanzo wake. Unakuwa pete moja isiyo na mwisho na mzigo wote unalala juu ya mkanda, viraka vimestarehe. Begi nyingi za dukani mkanda umeshikwa juu kwa mishono miwili tu, unabeba mara tano unang'oka na kipande cha begi.

Chumvi na siki hapana. Nilikuwa nafanya hivyo zamani nikifuata waliotangulia, nimeona haishiki rangi ya kitambaa kilichochapwa kiwandani. Kinachosaidia ni kufua kila rangi peke yake mpaka maji yatoke meupe, halafu lowesha kitambaa cheupe, sugua juu ya nyekundu na bluu iliyokoza kwa nguvu. Kikibaki cheupe endelea. Kikichukua rangi fua tena, na kikikataa kabisa kutulia basi kirangi hicho usikiweke jirani na cheupe. Ukivifua navyo vikate baada ya kupiga pasi, maana pamba mpya inarudi kidogo.

BibiChumbageni

Hamjambo wanangu. Nasomewa na mjukuu na yeye ndiye anaandika ninayosema.

Nyie mnasema viraka vya nje, viraka vya nje. Viraka ndo mwanzo wa kanga yenyewe! Zamani kabla ya kanga hizi za doti, karne ya 19 huko, wanawake wa mwambao walikuwa wananunua leso za mraba zilizochapwa, jina lake limekuja na Wareno, zikiwa bado hazijakatwa kwenye jora. Wanakata leso tatu zilizoshikana, na nyingine tatu, wanaziunga ubavu kwa ubavu, tatu juu tatu chini, wanajifunga. Zikaitwa leso za kushona. Wenye maduka walipoona wanawake wanavyounga ndo wakaanza kuchapa nguo nzima kipande kimoja. Ndo maana sisi huku na wenzetu wa Mombasa mpaka kesho tunasema leso, hatusemi kanga kila wakati. Basi huyo binti akikaa anaunga mraba kwa mraba asione anaiga mtu.

Na bibi yangu mzaa mama alikuwa na mfarishi, mfarishi wa viraka, ndani mna marekani kuukuu tabaka mbili, juu vipande vya kaniki, vya leso, vya kanzu ya babu. Alikuwa anauita kwa vipande vyake. Akikunja anasema hiki cha harusi ya fulani, hiki cha mwaka wa njaa. Nimelala juu ya ule mfarishi mpaka nikaolewa.

Mwanangu mama yako hana kanga kuukuu? Iliyolainika? Chukua hiyo uifanye bitana ya ndani. Mji wa kanga uangukie kitako, pindo likae juu mdomoni, na jina liangalie juu ili akifungua zipu alisome. Begi la maua ya Uingereza ndani liwe na neno lake mwenyewe.

BintiMakorora

Shikamoo bibi, na ahsante sana, nimelia kidogo kusema kweli. Kanga ipo. Nimemwambia mama nataka kanga kuukuu ya kufutia meza, kanitolea tatu, moja imeandikwa NANI KAMA MAMA na imelainika kama kitambaa cha mtoto. Nimeificha.

Fundi, nimefanya mtihani wa kiberiti mezani kwa sahani ya bati. Tana Lawn jivu la kijivu limesagika, vile vizito vyote 9 vimesagika, jinzi imesagika ila ina punje ndogo ngumu, na kile cheusi cha dukani kimetoa ule ushanga mweusi uliousema, nimeuweka kwenye kopo la vifungo nisisahau. Nyekundu moja ilichuja, nimeifua mara nne ndo maji yametulia.

Swali, kanga ikiwa bitana haitalowa? Ile boti inarusha maji hasa kusi likianza. Na zipu niweke ya chuma au plastiki?

MamaSwabra_Bagamoyo

Plastiki dada, ya meno makubwa. Zipu ya chuma na maji ya chumvi haziivani, inaota kutu ya kijani kichwa kinakwama na mtu akivuta kwa hasira ndo inafumuka. Nunua ya inchi 24 ukate ziada, au ile ya mita, na vichwa viwili vinavyokutana katikati, kimoja kikichoka kuna mwenzake. Kabla hujaifunga mwisho shona ncha zake mara tatu mbele na nyuma.

Kwa maji, una mwavuli mbovu ndani? Ile iliyovunjika mbavu. Fumua kitambaa chake, kioshe, kata upate kipande cha kukaa kitakoni na inchi tatu nne juu ya mbavu, kiweke kati ya blanketi na kanga. Hakionekani, hakina uzito na maji yatokayo chini hayapiti. Miavuli miwili inatosha. Usikipige pasi tu, kitayeyuka kama cheusi chako. Na pini usikichome ovyo, kila tundu ni mlango wa maji.

BintiMakorora

Nimerudi wadau, siku 19 zimepita.

Begi limeisha juzi usiku. Nawasimulia palipokuwa pagumu maana wengine watakuja kusoma.

Kuunga viraka kulienda haraka kuliko nilivyodhani. Nilipanga miraba yote 64 chini kwenye mkeka, siku mbili watoto walikuwa wanapita ukutani kama kaa, kila nikipita nabadilisha kimoja. Vya Tana Lawn nimeviweka katikati kama alivyosema dada wa Bagamoyo. Mishono nikapiga pasi safu moja kulia safu ya pili kushoto, zikikutana zinaingiliana kama vidole, hakuna donge.

Bandi nilipiga jioni tatu. Kidole cha kati kina sugu mpaka sasa.

Shida ilikuwa mistari. Cherehani ya bibi ikawa inaruka mishono, narudia, inaruka, nikadhani imechoka nikataka kulipeleka begi kwa fundi mwenye cherehani ya umeme. Kumbe mguu ulikuwa unabana mno, nikalegeza ile skurubu ya juu mizunguko miwili, nikarefusha mshono, nikabadili sindano mpya namba 16 na kukanyaga polepole. Ikaanza kula kitambaa taratibu taratibu, na kila mstari ukipita lile blanketi linainuka kati ya mistari, unaona kabisa kivuli kidogo kwenye kila bonde, maua yanakuwa kama yamelala juu ya mto. Hapo ndo nilielewa kwa nini watu wanahangaika na kazi hii. Nilipiga mistari ya mshazari kona kwa kona, upana wa vidole vitatu.

Kwenye kona za jinzi sindano mbili zilivunjika. Jirani yangu seremala kaniambia pigapiga ule mshono na nyundo juu ya gogo, kwa kitambaa chini, nikapiga ukalala, sindano ya 18 ikapita.

Vipimo vyako fundi vimekuja sawasawa, nimeweka futi ndani, kitako 10, kimo 12 kasoro kidogo. Mkanda nimeuzungusha. Nimejaza mchele kilo 15 nikalining'iniza kwenye boriti ya dari usiku kucha, asubuhi nikatazama kila mshono, hakuna uliofumuka wala kuvutika.

Leo nimempa mama. Alilishika kwa nje akasema begi zuri hili la nani. Nikamwambia fungua. Akavuta zipu akakuta kanga yake, alisoma lile jina kwa sauti ya chini, akapitisha kiganja kitakoni kama mtu anayelainisha shuka, halafu akanyanyuka akaenda chumbani akarudi na nguo zake na kuanza kupanga pale pale mbele yangu. Boti ni keshokutwa asubuhi.

Picha naweka chini.

FundiNgamiani

Mashallah dada, mistari imenyooka, hiyo ni kazi ya dukani kabisa. Ukija Ngamiani nitafute barabara ya 12, ile miraba 80 iliyobaki tuongee, nina mteja anataka mikoba.

Mwambie mama akifika Pemba asuuze zipu kwa maji baridi ya bomba, afute, aisugue na mshumaa kipande. Hata kama ni plastiki, chumvi ikikaukia kwenye meno inakwaruza kichwa.

BibiChumbageni

Safari njema kwa mama yako. Na ile foronya uishone kabla hajarudi.